Mama Anajilaumu kwa Ngoma Aliyoipasua Mjomba

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo.

Nasoma ukurasa wako kila Jumamosi kwenye maktaba yetu, baada ya mzee mmoja mstaafu kumaliza kujaza fumbo la maneno lililo nyuma yake, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nami ningekuandikia, kwa kuwa barua nyingi unazopata ni za watu wazima wenye mambo ya ndoa na mimi ni msichana wa sekondari tu, ila sasa nina jambo ambalo siwezi kumwambia mama kwa sababu linamhusu, wala siwezi kulizungumza na mjomba kwa sababu ndiye aliyelifanya, na nimebaki nalo peke yangu mpaka hata hesabu ninazozijua zinanishinda. Naomba unisomee mpaka mwisho hata nikieleza kwa urefu.

Mama yangu ni mtunzaji katika makumbusho ya mji wetu. Jengo ni moja. Chini kuna maktaba, na juu, ukishapanda ngazi za mbao zinazolia kila ukikanyaga, ndiyo makumbusho, vyumba viwili vya vyungu, viti vya kuchonga, shanga, na picha za watu wa zamani ambao hakuna hata mmoja anayecheka. Mwaka huu ilitangazwa kwamba Baraza Kuu la Sanaa, ambalo tangu zamani lilishughulika na waimbaji, wachezaji, waigizaji na wachoraji, sasa litabeba na makumbusho na maktaba zote za nchi, na kila jengo litapata mratibu kutoka Baraza. Msimamizi wa maktaba, ambaye sisi wanafunzi tunamwita Bi Shii kwa sababu hilo ndilo neno analolisema kuliko yote, alilipokea tangazo lile vibaya sana.

"Tumeozwa bila kuulizwa," alimwambia mama. "Tena tumeozwa kwa wapiga ngoma. Mimi nimekaa humu miaka yote nikiwafundisha watu kunyamaza, leo naletewa mabwana wa kelele."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu, maana yeye alikuwa ameshajua kwamba huyo bwana harusi ni mdogo wake. Mratibu aliyeletwa kwenye jengo letu ni mjomba wangu, aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Baraza.

Mshauri, lazima nikueleze kuhusu mama na mjomba ili uelewe kwa nini jambo hili ni gumu. Wazazi wao walifariki mjomba akiwa bado anatambaa, na mama ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akampeleka shule, na mpaka leo mjomba akiingia nyumbani kwetu huinama kidogo mlangoni, na si kwa sababu mlango ni mfupi. Huwa wanataniana siku nzima. Mama husema, "Huyu alinimalizia masufuria yote kwa kuyapiga," na mjomba hujibu, "Na wewe dada ulinimalizia masikio kwa kuyavuta, ndiyo maana sasa nasikia vizuri kuliko wote."

Jambo la kwanza mjomba alilofanya akiwa mratibu lilikuwa kuomba taa mpya na mlinzi, ili maktaba ifunguliwe mpaka jioni, kwa sababu alijua kwamba nyumbani kwetu tunalala na kusoma katika chumba kimoja na wadogo zangu hawajui maana ya mtihani. Tangu hapo nina meza yangu karibu na dirisha, na matokeo yangu yamepanda, hata mwalimu aliuliza nimepata wapi mtu wa kunifundisha. Tena mjomba alituahidi chama cha watoto, ambacho kingesoma hadithi chini, kisha kipande juu kuviona vitu vilivyotajwa katika hadithi hiyo, kisha kiiigize pale kwenye kituo cha ngazi, na akasema mimi ndiye nitakayeandika mchezo wa kwanza. Hilo nililiweka moyoni na sikumwambia mtu shuleni, kwa kuwa kitu kizuri nikikisema mapema huwa naogopa.

Sasa huko juu kuna ngoma. Ni ya zamani kuliko mtu yeyote anayekumbukwa mjini, kiwiliwili chake kimechongwa watu walioshikana mikono wakaizunguka yote, na ngozi yake ina rangi ya chai ya rangi, na katikati ina doa jeusi linalong'aa. Mama anasema doa lile si uchafu, ni jasho la viganja vya wote waliowahi kuipiga. Kila asubuhi huvaa glavu nyeupe akaipangusa kwa brashi laini, akilizunguka doa bila kuligusa, na wakati wa ukame huweka sahani ya maji chini ndani ya kabati la kioo ili hewa isiwe kavu ikaiumiza ngozi. Ameifanyia hivyo tangu sijazaliwa, na hajawahi kuisikia ikilia.

Mjomba alipoiona mara ya kwanza alisema, "Dada, ngoma isiyopigwa ni pipa."

Mama akamjibu, "Na iliyopasuka ni kuni. Huku juu hatugusi, mheshimiwa mratibu."

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka, nikadhani ni utani wao wa kawaida.

Siku jambo lenyewe lilipotokea, mama alikuwa amempeleka mdogo wangu hospitali kwa homa iliyomsumbua wiki nzima, na ufunguo wa kabati alimwachia mjomba, kwa sababu ndiye mkubwa wa jengo na ni ndugu yake wa damu, angemwachia nani mwingine. Nilipotoka shule nilipanda juu kuchukua mwavuli ambao mama hujikingia jua, nikamkuta mjomba ameitoa ngoma, ameikalisha katikati ya magoti yake, hajaipiga, ameinamisha tu kichwa na sikio lake liko karibu na ngozi kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Mjomba, mama hataki iguswe," nilisema.

"Najua," alinijibu bila kuinua kichwa. "Funga mlango, mpwa wangu. Njoo usikie kitu ambacho hakuna mtu aliye hai amekisikia."

Akapiga kwa kiganja, taratibu. Mshauri, sijui niielezeje sauti ile. Haikuwa kubwa. Niliisikia kwanza miguuni, kwenye mbao, kisha tumboni, na mwisho kabisa ndipo ikafika masikioni, na vioo vya makabati vyote vikatetemeka kidogo kama vinaitikia. Mjomba alikuwa analia machozi huku anatabasamu. Na hapo ndipo mimi niliposema lile neno, maana nilipiga makofi nikasema, "Tena, mjomba! Tena!" naye akapiga tena, safari hii kwa mikono miwili, na ngozi ikachanika kutoka kwenye doa jeusi mpaka ukingoni, kwa mlio wa kitambaa kikavu kinachoraruliwa.

Mjomba aliikumbatia ile ngoma kama mtoto aliyeanguka. Kisha akairudisha kabatini, akaigeuza ufa ukaelekea ukutani, akaniambia, "Usiseme chochote. Hili nitalitengeneza mimi mwenyewe."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa chini mezani kwangu nilipoisikia brashi ya mama ikianguka. Nilipofika juu nilimkuta amekaa sakafuni na glavu zake, na alichokuwa akikitazama si ngoma, ni sahani. Ilikuwa kavu kabisa.

"Ni mimi," alisema. "Wiki nzima sikutia maji. Homa ya mtoto ilinichanganya, nikasahau. Imekauka, maskini, ikapasuka yenyewe."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama. Alifungua mdomo, nikafikiri sasa atasema, halafu akasema, "Pole, dada." Basi. Hilo tu.

Tangu siku hiyo mama amekuwa mtu mwingine. Amekwisha kuwapigia simu watu wa makao makuu ya Baraza akawaambia kwamba ni uzembe wake, na wao wamesema wakaguzi watakuja mwisho wa mwezi, hao hao watakaoamua ni wafanyakazi gani wa zamani wa makumbusho watachukuliwa na Baraza na ni nani watakaoachwa. Bi Shii alipopata habari alipanda ngazi kwa hasira akisema, "Nilisema mimi! Wapiga ngoma hawa! Muulize mdogo wako alikuwa anafanya nini humu," na mama, Mshauri, mama ambaye hajawahi kumjibu Bi Shii, alimwambia, "Usimtaje mdogo wangu. Hajagusa kitu. Kosa ni langu." Mjomba alikuwa chumba cha pili, anasikia.

Kumbe kutengeneza alikosema mjomba ni kuweka ngozi mpya. Amekwisha kupata ngozi ya mbuzi, ameiloweka kwenye beseni nyuma ya nyumba yake, na anataka Jumapili jengo likiwa limefungwa aiondoe ile ya zamani na kuiwamba mpya, kisha aipake chai na moshi ifanane, ili wakaguzi wakija wakute ngoma nzima na pasiwe na wa kulaumiwa. Mimi nilimwambia haitakuwa ngoma ile ile, akanishangaa kwa dhati.

"Ngozi ni kama soli ya kiatu," alisema. "Ikiisha unabandika nyingine. Mimi nimewamba ngoma tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Hakuna ngoma duniani inayozeeka na ngozi moja."

Tatizo ni kwamba mama amechukua tena ufunguo wa kabati na sasa anauvaa shingoni, anauvua akienda kuoga tu, na mjomba ameniomba niuchukue wakati huo na kumpelekea. "Ni kwa ajili ya mama yako," alisema. "Unataka afukuzwe?"

Jioni ile nilimuuliza mama kwa mbali, wakati anakoroga uji wa mdogo wangu, "Mama, kwani ile ngozi haiwezi kubadilishwa?" Aliacha kukoroga. Akasema, "Bora ipasuke ikiwa yenyewe kuliko iwe nzima ikiwa nyingine. Nikifukuzwa nitafukuzwa. Lakini vile viganja, mwanangu, nani atavirudisha?"

Sasa Mshauri, nikisema, mjomba ataondolewa, na wale waliokuwa wakisema wapiga ngoma hawafai kupewa makumbusho na maktaba watasema mmeona, na taa za jioni zitazimwa, na chama cha watoto kitakufa kabla sijaandika hata mstari mmoja, na mama atampoteza mdogo wake aliyemlea kwa mgongo wake. Nikinyamaza, mama atapoteza kazi kwa kosa lisilo lake. Nikimpelekea mjomba ufunguo, mama atabaki na kazi lakini atakuwa anapangusa kila asubuhi kitu cha uongo, na nina hakika atajua, kwa kuwa anaijua ile ngozi kuliko uso wangu. Tena kuna lile neno nililosema. Nisingesema "tena" ingekuwa nzima mpaka leo.

Nampenda mjomba. Nampenda mama zaidi, lakini sijui kama kumpenda zaidi ni kumwambia au ni kumficha. Naomba unijibu mapema. Nimeandika anwani ya shule nyuma ya bahasha.

Ni mimi,
Msomaji wa meza ya dirishani


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimewaweka wenye ndoa kando, wao wamezoea kusubiri, nikaanza na wewe. Jibu hili nimekutumia shuleni kwa bahasha kabla ya kulichapa, maana najua gazeti hili linakaa mezani kwenu na Bi Shii ana macho. Kwa hiyo ukiliona hapa, liwe ni la wengine wenye ngoma zao kabatini. Wewe ulikwisha kulipata.

Kwanza ufunguo. Usiuguse. Usiuguse mama akiwa anaoga, akiwa amelala, wala akiwa amekupa mgongo. Mjomba wako akikuuliza tena, mwambie, "Mjomba, siwezi," na unyamaze. Usitoe sababu, kwa sababu mtu mzima aliyeshikwa na hofu ana jibu kwa kila sababu ya mtoto. Na hapa namlaumu kweli. Kupiga ngoma ilikuwa pupa, na pupa ya mtu anayependa kitu ninaweza kuisamehe. Kumwambia mtoto amwibie mama yake "kwa ajili ya mama yako" sitaisamehe haraka, na nawe usidhani ni mapenzi kwa kuwa limevikwa nguo za mapenzi.

Pili, hilo neno lako. Sikiliza vizuri. Ulisikia kitu kizuri ukaomba tena. Hivyo ndivyo watoto wanavyofanya wakisomewa hadithi, wakirushwa juu, wakionjeshwa asali. Kiganja kilikuwa cha nani? Aliyejua kuwa ngozi ni kuukuu alikuwa nani? Weka mzigo huo chini, si wako. Ila kuna mzigo mmoja ambao ni wako kweli, nao ni huu: mama yako alikaa sakafuni akasema "ni mimi," na wewe ulikuwa unajua. Siku ile ulishikwa na mshangao, sikulaumu. Lakini tangu hapo mama amekwenda kulala na kuamka na kosa la mtu mwingine, na wewe umekaa naye meza moja. Kimya chako bado ni kichanga, unaweza kukibeba mpaka mlangoni ukakitoa nje. Kikikua, kitakubeba wewe.

Sasa fanya hivi. Mwendee mjomba wako leo, mchana, ofisini kwake, mlango ukiwa wazi. Mwambie: "Mjomba, mama anajilaumu kwa kitu ulichofanya. Leo jioni njoo nyumbani umwambie mwenyewe. Nitakaa pembeni yako. Usipokuja, nitamwambia mimi, na ningependa asikie kwako." Usilie kama unaweza, ukilia si neno. Kisha mpe aya inayofuata aisome, sitaki wewe uisome kwa sauti.

Bwana mratibu, mdogo wa watu, mimi sikujui, lakini nimewahi kumjua mtu aliyelelewa na dada. Ulipokuwa mlangoni ukasema "pole," dada yako alikuwa anangoja neno lingine bila kujua kwamba analingoja. Alipomkatalia Bi Shii akasema hujagusa kitu, alikuwa anakubeba mgongoni kwa mara nyingine, na safari hii wewe ni mzito. Shuka. Nenda utembee kwa miguu yako. Na hiyo ngozi iliyo kwenye beseni, itafutie ngoma nyingine. Wewe unasema ngozi ni soli, na kwa ngoma ya kuchezewa uko sahihi kabisa. Kule juu mambo ni mengine. Nilimuuliza mwenzangu mmoja niliyesoma naye, ambaye kazi yake ni kuvihifadhi vitu vya kale, naye akaniambia ngozi iliyochanika inaweza kushikizwa kwa ndani, ufa ukaonekana, lakini ngozi ikabaki ile ile. Akaniambia pia kwamba vitu vingi vya zamani haviuawi na ufa. Vinauawa na fundi mwenye huruma. Kwa hiyo usiwe fundi mwenye huruma. Kuwa ndugu.

Narudi kwako, binti. Unaogopa kwamba ukweli ukitoka, taa zitazimwa. Inawezekana. Sitakuahidi kitu nisichokuwa nacho mkononi. Lakini fikiri kidogo. Wakubwa waliowachukua wapigaji, watunzaji na wasomaji wakawaweka chini ya paa moja hawakukosea kuwaweka pamoja, walikosea kudhani kwamba kugawana ufunguo kunatosha. Mjomba wako hakuwahi kuambiwa kwa nini huko juu hakuguswi, aliambiwa tu hakuguswi, tena kwa utani. Mama yako naye hakuwahi kuambiwa kwamba kwa mpiga ngoma, ngoma iliyokaa kimya inauma kama mtoto asiyelia. Wakaguzi wakija, na wamkute mjomba wako ndiye anayesimama mbele na kusema: "Mimi niliipiga. Dada yangu alinikataza. Naomba kuanzia leo asiwepo mtu, hata mratibu, wa kufungua kabati bila mtunzaji kuwepo." Mratibu anayesema hivyo anaweza kuondolewa, ndiyo. Lakini yule anayepaka ngozi chai na moshi ataondolewa tu, ni suala la siku, na akiondoka ataondoka na taa, na chama, na jina la dada yake.

Na mama yako asisafishwe kuliko alivyochafuka. Sahani ilikuwa kavu, hilo ni kweli, na pengine ngozi ilikuwa dhaifu zaidi wiki ile. Alisema na alisema vizuri. Aseme hilo mbele ya wakaguzi, na aongeze kwamba mtoto wake alikuwa na homa na kwamba hakuna mwingine aliyefundishwa kuitia maji sahani ile. Kila mtu abebe cha kwake. Kikigawanywa hivyo, hakuna anayevunjika mgongo.

Kuhusu Bi Shii, mwache aseme "nilisema." Ana haki yake, kweli alisema. Akishamaliza mpe kiti, maana atakuwa amepanda ngazi, na siku ile chama cha watoto kitakapokutana mtamhitaji awanyamazishe. Mchezo wako uandike sasa, usisubiri ruhusa. Kalamu haiendeshwi na taa za Baraza.

Nimebakisha jambo moja. Jioni hiyo kutakuwa na kelele, pengine mama yako atalia, pengine atamvuta mjomba wako sikio kama zamani, na mimi nitafurahi akilivuta. Yaache yapite. Wadogo zako wakishalala, kaa naye. Mwanamke huyu ameipangusa ngoma ile tangu wewe hujazaliwa, amelizunguka doa lake kila asubuhi asiliguse, na katika dunia nzima kuna watu wawili tu walioisikia, nao wote ni wa kwake. Uliniandikia kwamba ilianza miguuni, ikapanda tumboni, ikafika masikioni mwisho, na vioo vikaitikia.

Usiniambie mimi. Mwambie yeye ilivyolia. Na akisema "tena," mwambie tena.